Karani Mpya wa Majani

Walituletea karani asiyekula,
wakamsimamisha chini ya bati la kituo, Mwakaleli,
pale pale alipokaa Gwamaka
na kidole gumba chake chenye uzito wa nusu kilo.

Siku ya kwanza alitukazia macho,
mawili, ya buluu, yasiyopepesa,
akacheka kabla mzaha haujaisha.
"Ugonile!" akamwambia mama mkwe wangu,
kama anayemsalimia mtoto wa kuchunga ndama.
Bibi akakaza kitenge, akabeba kikapu chake
akarudi nacho nyumbani. Majani yakalala, yakawa meusi.

Mimi ndiyo kabisa sikusogea.
Sauti yake sijui waliichota wapi,
nzito, ya puani, baba mkwe yule yule.
Nikapita kwenye migomba, uso chini,
kama nilivyofunzwa kumpisha mzee njiani.
Utampimishaje mkwe jasho lako?

Akaja Lwitiko kutoka mjini,
ana kompyuta na buti za kuazima,
akashinda siku mbili akisikiliza tunavyosalimiana:
tunavyoulizana ng'ombe, watoto,
goti la kushoto,
ndipo shida.
Asubuhi ya tatu karani akainamisha macho.
Sauti imepungua unene, ya mpwa aliyelelewa.
Akasema "mugonile". Akangoja.
Akakohoa kidogo kabla ya kutaja kilo.

Basi! Foleni ikafika barabarani.
Bibi mwenyewe akawa anampelekea habari za goti.
Hakuna aliyeuliza kama mzani ni ule ule.
Mimi niliuliza, kimoyomoyo,
maana Gwamaka naye alikuwa na adabu;
aliinama vizuri, na gumba likainama naye.

Nikanunua sukari kwa Ambwene, kilo moja.
Ambwene anayenipokea mzigo mlangoni, anayeniita dada.
Nikaifukia katikati ya majani mabichi.
Karani akapitisha mkono kikapuni, akanyamaza.
Ukungu ukapita kati yetu.
Kisha, kwa sauti ya chini, wa nyuma wasisikie:
"Mama, humu mna sukari. Gramu mia tisa na kumi.
Nimeitoa kwenye hesabu."

Mia tisa na kumi.
Nilisimama na kikapu kama niliyeshikwa ugoni.
Namba ile iliniuma, lakini zaidi ule mnong'ono:
nani alimfundisha kunisitiri?
Lwitiko hakukaa siku za kutosha kujua hilo.
Au alikaa.

Jioni nilipita dukani.
Ambwene akainuka, akatabasamu, akauliza habari za mvua.
Nikamjibu zote, hadi za kesho.

Sasa nikifika kituoni namsalimia karani,
naye huitikia, macho chini,
nami huyatazama macho hayo
kuliko adabu inavyoruhusu.