Kilo Sitini

Bango lipo karibu na Mnara wa Saa, refu kama ghorofa:
KILOMITA MIA NA ISHIRINI KWA CHAJI MOJA,
na pembeni ya namba, nyota ndogo
unayoweza kudhani ni kinyesi cha nzi.

Pikipiki nilinunua kwanza. Nyota nikaisoma baadaye,
siku iliponizimikia katikati ya mlima wa Kidia,
Mama Ndewirwa nyuma, mkungu wa ndizi mapajani,
akiniuliza kwa upole kama hii nayo
huwa inasukumwa.

Nyota inasema: dereva mmoja, kilo sitini,
lami kavu, tambarare, upepo hakuna,
mwendo ishirini na tano kwa saa.

Nimemtafuta mtu huyo Moshi nzima.
Majengo hawamjui. Pasua wamecheka.
Hana abiria, hana mfuko wa saruji,
hajawahi kuwahisha mjamzito Mawenzi usiku.
Labda yuko njia ya TPC, miwa kushoto, miwa kulia,
anakwenda taratibu, hafiki popote,
ndiyo maana betri haimwishii.

Nikarudi dukani. Haikaeli wa mauzo akanipa maji baridi.
“Kaka Elisaria, hatukudanganya. Tulipima.”
Najua mlipima, nikamwambia.
Hata muuza mbege hupima:
kata imejaa, juu povu, chini machicha,
na wewe unalipa kata nzima.

Akacheka kwa kujizuia; bibi yake alikuwa mpishi wa mbege.
Kisha akatazama mlango wa meneja, akashusha sauti:
“Mimi nakaa Kibosho.
Yangu haijawahi kuvuka sitini na moja.”

Sasa pale kijiweni Kiboriloni, juu ya mfuniko wa betri,
nimeandika kwa rangi ya kucha ya mke wangu:

Kidia, abiria mmoja: arobaini na nne.
Abiria na mkungu: thelathini na nane.
Kushuka: mlima unarudisha kidogo,
kama jirani aliyekopa sukari.

Wenzangu huja wakainama, wakasoma,
mmoja akanakili kwenye kiganja.
Kuna mstari nimeuacha wazi chini kabisa.
Masika yanakuja, udongo wa juko juu tunaujua,
na kilo zangu mimi ni themanini na mbili.