Mashua Isiyo na Mto

Łódź, kwa lugha ya wenyewe, ni mashua,
na mashua hiyo haina maji.
Mto upo, ila waliuzika zamani,
wakaupitisha chini ya lami, chini ya reli za tramu,
na viwanda vikaunywa hadi vikafa kwa kiu nyingine.
Jagoda alituambia haya siku ya kwanza,
tromboni ikiwa bado ndani ya kasha lake,
kana kwamba anatupa anwani, si historia.

Tulikuwa wanne. Ludomir kwenye besi,
Witold kwenye piano yenye kitufe kimoja kinachokwama,
na mimi, Cezary, nyuma ya dramu,
mtu wa kuja, mzaliwa wa Szczecin,
niliyeujua mji huu kwa stesheni yake tu.

"Maneno hakuna," alisema. "Hata majina ya vipande sitaki."
Basi vikapewa namba za milango
ya ua aliokulia: Kumi na Saba, Kumi na Tisa,
Ishirini na Moja, alikoishi Hipolit mfuga njiwa
aliyewatukana ndege wake kwa upole.
Mwenye studio akanung'unika: nani atanunua namba?

Siku ya tatu akamleta mama yake.

Bi Genowefa, miaka ishirini na sita kwenye mashine za kufuma.
Masikio aliyaacha huko, kama mtu aachavyo mwavuli.
Hakukitaka kiti cha wageni.
Alivua glavu, akaweka kiganja juu ya spika,
pale kitambaa chake kinapotetemeka,
akafumba macho.

Tukapiga Kumi na Tisa, kile kirefu,
nilichojivunia: brashi juu ya ngozi, taratibu,
mvuke ukipanda ukuta wa matofali mekundu.
Nilidhani nimekipata kiwanda.
Yeye akafumbua jicho moja.
"Wewe mwenye vijiti," akapaza sauti ya wasiojisikia,
"ukumbi gani huo?"

Sikuwa na jibu.

"Ukumbi wa pili haukwenda hivyo.
Hivyo husikia wapita njia.
Ndani ilikuwa..."
Akatoa funguo za nyumba, akaugonga mgongo wa kiti:
tatu, tatu, nne, kisha mkwaruzo,
kisha pumzi fupi, uzi umekatika, mtu anauunga,
halafu tena, bila huruma, hadi alfajiri.

Jagoda alikuwa analia au anacheka.
Kwa wapuliza tromboni ni vigumu kujua.
Akamwuliza mama kitu kwa midomo mitupu,
mama akajibu vivyo hivyo,
wakaongea dakika nzima mbele yetu pasipo hata mnong'ono,
mara nyusi, mara kicheko kisicho na mlio.
Ludomir akanigusa bega: ndivyo walivyozoea.
Wanawake mia tatu katika ngurumo ile
walipeana habari za uchumba, za foleni ya nyama,
za msimamizi na mkono wake mrefu,
na hakuna neno lililowahi kufika sikioni.
Kumbe Jagoda hakuyaondoa maneno.
Alipozaliwa yeye, hayakuwamo.

Tulirekodi upya, mara moja tu.
Niliweka brashi chini, nikamfuata mwenye funguo.
Ukisikiliza, pale piano inaponyamaza, utazisikia.
Jalada halimtaji; alikataa.
Ujira wake ulikuwa chai yenye limau
na mtu wa kumsindikiza kwenye tramu ya mwisho.

Nilikwenda mimi. Theluji ilikuwa imeanza.
Tulipita kiwanda chenyewe, sasa kinauza kahawa
kwa bei ya mita mbili za kitambaa kizuri;
hakugeuza shingo.
Lakini mbele kidogo, katikati ya njia, alisimama,
akakanyaga lami kwa kisigino, mara mbili.
"Hapa," akasema. "Mto."

Nikaweka mguu wangu kando ya wake.
Sikuhisi chochote.
Tramu ilikuja, ikaondoka naye,
nami nikabaki pale, mguu palepale,
nikingoja.