Dakika Ishirini

Nimeimimina damu yako, Kusumalatha,
katika kichupa kipya cha kioo
kisichowahi kuguswa na sabuni,
nikakisimamisha mezani, mbali na feni,
nikatazama saa.
Saa tatu na dakika tano usiku.
Kwa dakika ishirini hakuna wa kukigusa.

Mwanao amekuja na nyoka mwenyewe
ndani ya mfuko wa mbolea,
kichwa kimepondwa kwa mpini wa jembe:
polonga, nduguye kifutu,
madoa yamepangwa mgongoni
kama shanga za mtu mwenye subira.
Daktari Wijekoon amechungulia, amefunga mfuko:
"Mtoeni nje, watoto wa wodi ya pili wasimwone."
Huko nje, mashamba ya Medirigiriya hayajalala.
Mashine za kuvuna mpunga zinanguruma na taa zao.

Unaniuliza: meno mawili tu,
matundu madogo kuliko ya sindano ya magunia,
mbona mguu mzima?

Nitakwambia,
maana kungoja kimya ni kubaya zaidi.

Kila seli yako ni nyumba,
na ukuta wake si wa mawe.
Ni mafuta, tabaka mbili zimelaliana,
laini, zinateleza, ndiyo maana uko hai.
Sumu haiji na nyundo.
Inao mkasi mdogo mno:
unakata mkia mmoja wa chembe ya mafuta,
unasogea, unakata wa jirani.
Asiyeziba ufa hujenga ukuta, husemwa,
lakini hapa nyufa ni maelfu kwa pumzi moja,
na fundi ndiye anayebomolewa.
Kalisi iliyokuwa nje, ikibisha hodi kwa adabu,
inajiingilia.
Msuli unajikunja, unasahau kujikunjua,
nyumba inavimba, inapasuka,
na vilivyomo vinakokotwa na damu hadi kwenye figo
ambazo hazikuagiza mzigo huo.

Na mkasi wenyewe, usinicheke, unao hata wewe.
Ndugu yake anaishi kwenye kongosho lako,
kila mchana anayakatakata mafuta
ya mchuzi wako wa nazi.
Nyoka hakubuni uchawi.
Aliazima kisu cha jikoni
akakinoa miaka mamilioni.
Kikulacho ki nguoni mwako:
nilikariri hiyo shuleni bila kuiogopa.

Dakika kumi na moja.
Fizi zako zinatoka damu.
Unaificha kwa ncha ya sari. Nimeona.
Sumu imepiga mbiu ya uongo mwilini mwako:
vigandishi vyote vya damu vimetoka mbio,
vimefunga milango isiyokuwa wazi,
vimekwisha,
na sasa palipo na jeraha la kweli
hakuna anayeitika.

Dawa ipo kwenye friji, chupa kumi.
Imetoka ng'ambo ya mlango-bahari,
kwa farasi nisiyemjua jina
aliyedungwa sumu kidogo kidogo
mpaka damu yake ikajifunza.
Itaukamata mkasi, itaufumba mdomo.
Lakini kilichokwisha kukatwa haitakishona.
Hapo sina la kukudanganya.

Unasema ekari moja na nusu bado imesimama,
Jumamosi wametangaza mvua,
na kama mguu huu utafungwa vizuri tu, kesho…

Dakika kumi na tisa.
Uani, mwanao ameuruka mpira wa kumwagilia maua
kama aliyekanyaga moto.
Na wala si yeye aliyeumwa.

Ishirini.
Nakiinamisha kichupa polepole,
kama ninavyomlaza mwanangu asiamke.
Damu inatiririka hadi mdomoni mwa kioo,
nyepesi kama chai,
haijashikana hata uzi.

"Daktari," naita,
na mkono wangu mwingine
umekwisha kufika kwenye friji.