Cheche Nne

Odile Hanquet aliileta Jumanne, mvua ya Liège ikimchuruzika,
imeviringwa ndani ya taulo la mtoto ambaye sasa ni babu.
"Ya babu wa babu yake Firmin," alisema. "Ilipigana."
Sikuuliza wapi. Zote zilipigana,
zikishafika mezani kwangu.

Kwanza huwa nainusa. Marehemu Servais, aliyenifunza kazi,
alisema jicho huhongwa, pua haihongeki.
Kitako cha mjozi, sawa. Kasiba, sawa,
na muhuri wa wakaguzi wa mji, kijinara
kilichosuguliwa na vidole hata kikawa kama chunusi.
Mdeki si wake; umepungua inchi nzima,
kama mtu aliyeazima suruali ya kwendea mazikoni.

Kisha parafujo.
Fundi wa kale alichonga kila mfuo kwa mkono wake,
hupati mbili zilizofanana. Hizi ni pacha.
Nikasogeza taa. Kando ya kifa, tundu lililozibwa:
zamani iligeuzwa, ikalishwa fataki kama wenzake,
halafu mtu, juzijuzi tu, akairudisha kwenye gumegume,
maana gumegume ndiyo inayolipa.
Kutu yake ni ya siki na chumvi.
Uzee huvaliwa, haupakwi.

Nilimwambia, polepole, kama anayetoa kibanzi.
Akacheka. Akafuta miwani kwa lile taulo.
"Kumbe ndiyo ile harufu!
Jumapili kutwa, kwato za ng'ombe ndani ya oveni yangu,
chuma kimefukiwa humo, naye kapiga magoti
anachungulia utadhani anaoka keki.
Mgodi ulikuwa umefungwa, unajua.
Mtaani walimwita gumegume."

Nikatafuta jiwe jipya, nikalivika kipande cha ngozi,
nikalibana katika taya za mtambo. Bila baruti.
Chuma cha waghushi huwa laini; jiwe huteleza tu,
huacha mkwaruzo na aibu.
Nikazima taa.
Nikavuta.

Kwenye kadi niliandika, kwa wino:
Mtambo, si wa asili. Mdeki, wa kuazima.
Thamani, ndogo.
Kalamu ikakataa kuondoka. Nikaongeza:
cheche nne, nyeupe.
Moja ilitua juu ya mkono wa mjane,
naye hakuuondoa.