Daftari la Ahadi

Keki ilikuwa basi: magurudumu ya biskuti,
madirisha ya sukari, dereva hakuwekwa.
Mshereheshaji akainadi kuanzia laki moja,
akajipigia makofi mwenyewe, akasema
Moshi hatushindwi na Arusha.

Nami, mhazini, nikaandika:
Shirima wa vipuri, laki tano, ahadi.
Mawakili wa ghorofani, milioni, ahadi.
Mama wa duka la mapazia, mabenchi manne ya kituo,
ahadi, atathibitisha Jumatatu.
Nje magari yao yamepanda hadi juu ya maua;
mlinzi anazunguka meza kwa meza
akiulizia nani kamzibia nani.

Kwenye ratiba, saa mbili na nusu:
Ushuhuda, Bi Ndeshukurwa, kutoka Uru.
Saa mbili na nusu ikapita pamoja na supu.
Mgeni rasmi akasema usafiri ni haki, akaondoka.
Nafasi ya bibi tukaijaza muziki.

Alifika viti vikikunjwa,
viatu mkononi, matope hadi vifundoni.
"Gari la mwisho halikupanda," akasema,
"basi nikashuka mimi."

Tukampa kilichobaki: gurudumu la nyuma.
Akalitafuna taratibu, akauliza mmepata ngapi.
Nikamsogezea daftari.
Akaishusha safu yote kwa kidole,
ahadi, ahadi, ahadi,
akafungua fundo la khanga,
akaweka mezani elfu moja na mia tano.

"Nauli yangu ya kurudi. Andika taslimu.
Haya, nipelekeni nyumbani."