Kioo Nambari 4417

Valdivia, mvua siku ya tisa.
Eluney Catrileo anainamia darubini.
Kibuyu cha mate kimepoa kando yake, mrija ukiwa ndani.

Seli njema zimezungushiwa wino wa kahawia:
ni protini za utandoni, kiganja kwa kiganja,
kila moja imemshika jirani asiende.
Ndivyo tumbo linavyobaki tumbo.

Anasukuma kioo unywele mmoja,
kahawia inafifia.
Hapa bakteria alipanga chumba, mwenye umbo la kizibuo,
miaka thelathini bila kodi,
akitafuna vidole vya wenyeji.
Hakuua. Alilegeza tu.

Aliyelegezwa hujifunza kutembea.
Mmoja mmoja, bila kuaga, wanapenya kwenye msuli,
naye anabonyeza kihesabio: tano, kumi na moja, thelathini na sita.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Hiki kililetwa na kijiko,
mama akionja uji kwanza usimuunguze mwana.
Nani atamshtaki?

Anaandika neno moja, umevamia, anatia sahihi.
Kisha anampigia dada yake Osorno:
"Umeshapima?"
Kimya. Mvua ya huko inasikika simuni.