Kona Isiyokauka

Kona ile viazi viliozea ardhini
misimu mitatu mfululizo.
Baba ndiye aliyechimba mfereji, suruali imekunjwa magotini,
akisema kinamasi ni mkaidi tu, jembe litakifundisha adabu.
Sasa amelala juu kilimani, pakavu.
Kinamasi hakijalala.

Mwaka jana nilijaza udongo magunia sita
nikauziba mfereji wake.
Mkono ulinitetemeka:
kuziba alichofungua mzazi si kazi ya asubuhi moja.

Kisha nikashuka Bunyonyi, pale mafunjo yanapoanza,
nikakata vijiti vinne vya ua ambalo jina lake la shuleni silijui.
Mimi naliita Njano-Lenye-Jicho.
Lina miiba midogo, inabaki kiganjani
kama deni la duka.
Kimoja nilikichomeka kichwa chini, kikafa.
Vitatu vikashika tope.

Turyahikayo aliegemea jembe lake ng'ambo:
"Jirani, mwaka huu mtakula maua?"
Sikumjibu. Nilikuwa na matope mdomoni.

Mwezi wa tano likafunguka la kwanza,
rangi ya samli,
na ndani kabisa jicho jeusi la bilinganya.
Saa nne limekunjuka,
jioni limekunjika,
kesho linaelea majini na jingine limeshika zamu.
Halina muda wa kujivuna.

Nilimkuta nyuki amelala humo,
chavua hadi magotini.
Chozi akaja na mdomo wake wa mundu,
akanywa huku ananing'inia.
Vyura wakafungua mkutano usio na mwenyekiti.
Komuhangi, mke wangu, akalalamika wiki nzima hapati usingizi;
kiangazi waliponyamaza
akaniamsha usiku wa manane: "Wako wapi?"

Mvua ya Novemba ilishuka na kilima mgongoni.
Ilipofika kwenye kona yangu
ikapunguza mwendo, ikavua viatu,
ikaingia taratibu.
Matuta ya Turyahikayo hayakuguswa.
Hakusema kitu. Asubuhi nilikuta kizingitini
chupa ya asali, kizibo chake jani la mgomba.

Korongo bado.
Baba alisimulia kwamba utotoni mwake
walicheza hapa wawili wawili, mataji yakitikisika,
na hakusimulia nani aliwafukuza.
Nimewaachia maji wazi, upana wa mkeka,
sikupanda kitu.
Kila alfajiri nakitazama kile kipande,
kisha narudi kupalilia kabichi.